Kuchagua kipimo cha kukagulia waya za umeme wa nyumba: mwongozo kwa mafundi wa Tanga

Fundi umeme akianza kutafuta mashine ya kukagulia waya za nyumba hukuta orodha ndefu ya kazi ambazo mashine inaweza, na bei inayopanda kila kazi inapoongezwa. Kuna wanaochagua kwa bei, kuna wanaochagua kwa jina la kampuni. Mimi naona pa kuanzia ni chini ya miguu yako, kwenye ethi, yaani waya na chuma vinavyoupeleka umeme uliovuja ardhini, ya nyumba unazozifanyia kazi. Ukiielewa ethi utajua kipimo kipi kitakuwa mkononi kila siku, na kipi utakilipia kikae kwenye boksi.

Nazungumzia kazi za majumbani: nyumba ya vyumba vya kupangisha Makorora, nyumba mpya inayoinuka Kange au Pongwe, duka lenye friji mbili Ngamiani. Viwandani kuna mahitaji mengine. Tena nachukulia kwamba wewe unayesoma una leseni ya EWURA au unafanya kazi chini ya mwenye leseni, maana baadhi ya vipimo vilivyomo humu hufanywa umeme ukiwa umewaka, navyo si vya kujaribia.

Hatua ya 1: Jua umeme ukivuja utarudi kwa njia gani

Laivu ikigusa bodi la friji, mkondo lazima upate njia ya kurudi kwenye transfoma ndipo breka ihisi kuna jambo. Uingereza, ambako maelezo mengi ya mashine hizi huandikwa, nyumba nyingi hupewa ethi na kampuni ya umeme yenyewe kupitia kebo inayoingia ndani. Njia ya kurudi ni waya mwanzo mwisho, ukinzani wake huwa chini ya omu moja, mkondo wa hitilafu hufika mamia ya ampia, na breka inakata hapo hapo.

Kwetu nyumba nyingi zinategemea ethi rodi, fimbo ya chuma aliyoichimbia fundi ardhini. Mkondo ushuke kwenye rodi, upite udongoni, ukaikute ethi ya transfoma huko iliko. Piga hesabu: njia hiyo yote ikiwa na omu 100, volti 230 ukigawa kwa 100 unapata ampia 2.3. Breka ya soketi ya ampia 20 haina habari. Hata breka ya taa ya ampia 6 haina habari. Friji inaendelea kugandisha huku bodi lake lina umeme, na atakayegundua ni mtoto aliyekwenda peku kuchukua maji baridi.

Kinachoiokoa nyumba ya namna hiyo ni RCD, ile swichi ya kwenye DB (boksi la breka) yenye kitufe kilichoandikwa T, ambayo mafundi wengi bado wanaiita ELCB. Inalinganisha mkondo unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ikiwa ni ya miliampia 30, tofauti ikifika hapo inakata, hata kama rodi ni dhaifu. Kanuni inayotumika kimataifa ni kwamba ukinzani wa ethi ukizidisha kwa mkondo wa RCD usipite volti 50. Kwa miliampia 30 hiyo inakuja kama omu 1,667. Usiridhike na namba hiyo. Kanuni za Uingereza zenyewe hutahadharisha kwamba ethi inayozidi omu 200 huenda isitulie, kwa sababu udongo hukauka.

Na wa Tanga hukauka kweli. Ukanda wa bahari, Raskazone hadi Sahare, hufiki mbali na jembe kabla hujagonga mwamba wa matumbawe. Pongwe, Maweni na Amboni ni nchi ya mawe ya chokaa. Rodi iliyopimwa Aprili masika ikiwa imekolea itakupa namba ya kuchekelea. Irudie Februari, kaskazi likivuma na ardhi imepasuka, uone. Ndiyo maana mashine yoyote utakayonunua, au jozi ya mashine utakazounganisha, isikose mambo mawili: kuipima RCD kwa muda na kwa mkondo, na kuipima rodi.

Ukisoma sifa za mashine mtandaoni kumbuka mwandishi amekaa kwenye nyumba ya ethi gani. Atakusifia kipimo kinachosoma ukinzani mdogo kabisa wa njia ya hitilafu, yaani mzunguko ambao umeme uliovuja hupita kurudi kwenye transfoma, mpaka sehemu ya mia ya omu, wakati wewe unahangaika na omu 80 za mwamba.

Hatua ya 2: Ipe kila kazi ya mashine uzito wake

Nianze na insulesheni, kwani hapa ndipo hewa ya pwani inapotuonyesha kazi. Kipimo hiki husukuma volti 500 za mkondo mnyoofu kati ya waya na waya, kisha kinasoma ukinzani wa mpira ulio katikati. Kwa saketi za volti 230 kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Nyumba mpya iliyopigwa waya vizuri haitoi namba ya karibu na hapo. Inatoa mamia, au mashine inaandika kwamba imepita upeo wake. Ukikuta megaomu 2 au 3 kwenye nyumba mpya usiandike "safi" ukaondoka. Tafuta. Mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye paipu kabla ya paa kukamilika, boksi lililozibwa na plasta mbichi, au waya uliochunwa wakati wa kuvutwa. Kwenye nyumba kongwe za mjini utakuta vumbi la chumvi limeganda nyuma ya soketi za ukuta unaotazama bahari, na likipata unyevu linapitisha umeme.

Kupima insulesheni kwa multimita ni kama kujaribu mtumbwi mchangani. Multimita hutumia volti chache tu, na kwa volti chache karibu kila mpira ni mzima. Kasoro hujitokeza pale waya unapobebeshwa volti 500. Kwa hiyo mashine iwe na 250 na 500. Ya 1,000 hutaihitaji sana majumbani. Ile 250 ina kazi yake: kwenye saketi yenye kinga ya radi isiyochomoleka, unapima kwa 250 ili usiiharibu. Hakikisha pia mashine inaondoa yenyewe umeme uliobaki kwenye waya baada ya kupima, na inaonya ikikuta waya una umeme tayari.

Mwendelezo wa waya, yaani kama waya umeungana vizuri mwanzo mwisho, unafuata. Hapa unataka mashine inayopitisha angalau miliampia 200 na kusoma mpaka omu 0.01. Sababu ni ya hesabu tu. Waya wa shaba wa 2.5 una miliomu 7.41 kwa kila mita. Mita 20 ni omu 0.15, kwenda na kurudi omu 0.30. Ukipata hiyo, viungo ni vizima. Ukipata 1.2 kuna skrubu haijakazwa mahali. Multimita ya kawaida haiwezi kukuambia hivyo, waya zake zenyewe zinakula sehemu kubwa ya namba hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo mashine iwe na uwezo wa kufuta ukinzani wa waya zake: unagusanisha ncha, unabonyeza, inaanza na sifuri.

RCD. Kitufe cha T kinathibitisha kwamba mtambo wa ndani unasogea, basi. Hakigusi ethi yako, wala hakisemi imechukua muda gani kukata. Mashine nzuri hupima kwa nusu ya mkondo, yaani miliampia 15, na RCD isikate. Kwa mkondo wake kamili, 30, ikate ndani ya milisekunde 300. Na kwa mara tano, 150, ndani ya milisekunde 40. Kila kipimo hurudiwa kuanzia upande wa pili wa wimbi la umeme, ule unaoandikwa nyuzi 180, maana RCD mbovu inaweza kuwa hodari upande mmoja na goigoi upande mwingine. Unaandika muda ulio mrefu zaidi.

Kuna kipimo cha RCD ambacho mashine za bei ya chini hukiacha, na mimi ningekilipia kabla ya mambo ya simu na Bluetooth: kile kinachopandisha mkondo taratibu mpaka RCD ikate, kisha kinakuambia imekata kwenye miliampia ngapi. Mama mwenye nyumba anakwambia, "Fundi, hii swichi inajikata kila mvua ikinyesha, itoe tu." Usiitoe. Zima umeme, tenganisha waya zinazotoka kwenye RCD kwenda nyumbani, laivu na nyutro, kisha washa upime RCD peke yake. Ikikata kwenye miliampia 22, RCD ni nzima na nyumba ndiyo inayovuja, rudi kwenye insulesheni. Ikikata kwenye 10, yenyewe ndiyo mgonjwa, ibadilishe. Bila kipimo hiki watu huishia kununua RCD tatu na tatizo liko kwenye taa ya nje iliyojaa maji.

Upande wa aina za RCD, chagua mashine inayopima aina ya AC na ya A. Ya A inazidi kuonekana kwa sababu ya mashine za kufulia na viyoyozi vya kisasa. Ya B ni ya vitu kama chaja za magari ya umeme. Kwa sasa usiilipie.

Rodi yenyewe ina njia mbili za kupimwa, na Tanga unahitaji kuzijua zote mbili kwa sababu mji una sura mbili. Kwenye viwanja vipya kuna ardhi wazi, basi unatumia vigingi: kimoja unakipeleka mbali, angalau mara kumi ya urefu wa rodi, cha pili unakichoma kwenye mstari huo huo, kama asilimia 62 ya safari. Mashine inapitisha mkondo wake kwenye kigingi cha mbali na kusoma volti kwenye kile cha kati. Halafu sogeza cha kati kidogo mbele, kidogo nyuma, upime tena. Namba tatu zikikaribiana, chukua wastani. Zikitofautiana sana, kigingi cha mbali hakiko mbali vya kutosha.

Ngamiani huna pa kuchoma kigingi. Nyumba zimebanana barabara hadi barabara, uani kote ni saruji, na jirani hataki umtoboe. Hapo unatumia kipimo cha njia ya hitilafu: mashine inachukua laivu ya TANESCO, inaipeleka kwenye rodi kwa kitambo kidogo na kusoma ukinzani wa mzunguko wote. Namba inayotoka imebeba pia ethi ya transfoma, kwa hiyo iko juu kidogo ya ukweli, na kosa la upande huo halimuumizi mtu. Kinafanyika kwenye maingilio, pale umeme unapoingia nyumbani, meni swichi ikiwa imezimwa na waya wa rodi umetenganishwa na ethi za nyumba, ili usome rodi peke yake na si mabomba ya maji yaliyoungana nayo. Waya huo urudishwe na kukazwa kabla hujawasha chochote. Nyumba yenye umeme isiyo na ethi, hata kwa dakika mbili, usiiache.

Utaoneshwa pia kile kipimo cha kubana waya wa ethi kwa taya, hakihitaji kigingi wala kufungua kitu. Ni kitamu kukitumia, lakini kinafanya kazi pale tu penye njia nyingine sambamba ya ethi ya kukamilisha mzunguko. Kwa nyumba yenye rodi moja inayosimama peke yake hakina la kukuambia.

Kipimo cha njia ya hitilafu kinatumika pia kwenye soketi moja moja, kuhakikisha ethi ya kila soketi inafika kwenye rodi kweli. Hapo RCD itakata ukitumia mkondo mkubwa, kwa hiyo mashine iwe na namna ya kupima bila kuikatisha, kwa mkondo mdogo sana. Namba za namna hiyo huyumba kidogo. Kama rodi yako ni omu 60, kuyumba kwa nusu omu hakukuhusu. Kati ya laivu na nyutro pima kwa mkondo mkubwa: soketi ya mwisho ikizidi mno zile za jirani, kuna kiungo kimelegea njiani.

Mpangilio wa fezi tatu ni kwa wenye pampu au mashine ya kusaga. Ukija ndani ya mashine, vizuri, usiuongezee hela.

Hatua ya 3: Angalia kazi zako nyingi zinafanyika kabla au baada ya umeme kufika

Insulesheni, mwendelezo na rodi kwa vigingi havihitaji umeme. RCD na njia ya hitilafu vinahitaji. Fundi anayeishi kwa nyumba mpya, anakabidhi mchoro, TANESCO wanakuja kukagua na kufunga LUKU, kwa miezi mingi anatumia vile vitatu vya kwanza. Fundi wa matengenezo ya mjini anaingia nyumba ambazo tayari zina umeme, kwake RCD na njia ya hitilafu ndiyo mkate.

Usijidanganye kwamba nyumba isiyo na umeme utaipimia RCD kwa jenereta ndogo. Jenereta nyingi za kubeba hazijaunganisha nyutro na ethi, kwa hiyo mkondo wa kupimia hauna pa kurudi na mashine itakugomea. Inveta ya sola mara nyingi ina shida hiyo hiyo. Rudi siku umeme ukiwashwa, na gharama ya safari hiyo iingize kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Amua mashine moja au vipande

Mashine moja inayofanya yote, kutoka Megger au Kewtech za Uingereza, Fluke ya Marekani, Metrel ya Slovenia, Sonel ya Poland au Kyoritsu ya Japani, ni ya mamilioni ya shilingi. Faida yake ni seti moja ya waya, cheti kimoja cha ugezi (uhakiki wa usahihi wa namba zake), boksi moja kwenye bodaboda. Hasara yake huonekana siku ikiharibika: umekosa kila kitu kwa pamoja.

Kwa kijana aliyetoka VETA mwaka huu, mimi ningesema vipande, kwa mpangilio huu. Kwanza kabisa kipimo cha volti cha ncha mbili, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya kuhakikisha umeme upo au haupo. Bisibisi yenye kitaa, hiyo testa ya kila mfuko, hupitisha umeme mwilini mwako ili iwake, na ukiwa juu ya ngazi ya mbao yenye viatu vya mpira inaweza isiwake kabisa huku waya una umeme. Pili, kipimo cha insulesheni na mwendelezo kwa pamoja. Kyoritsu 3132A, ile ya mshale, ni mfano wa aina hiyo, ina 250, 500 na 1,000. Tatu, kipimo cha RCD na njia ya hitilafu, ambacho mjini kitakupimia na rodi. Cha vigingi, kama Kyoritsu 4105A, mnaweza kuchangia mafundi kadhaa, kwa kuwa hakuna anayekihitaji kila siku. Kuchangia kuna masharti: cheti kiwe na mtu mmoja, na anayekirudisha akirudishe na vigingi vyote.

Mwenye wateja wa kutosha na kampuni iliyosajiliwa anunue ya pamoja moja kwa moja. Vipande vinne vikijumlishwa bei zake, tofauti si kubwa kama inavyodhaniwa.

Kuhusu UNI-T na wenzake wa China: kipimo cha insulesheni cha UNI-T ni chombo cha kazi, nisingemkataza mtu. Ila soma vizuri zile zinazoitwa za kazi nyingi, maana zipo zinazopima RCD bila kupima njia ya hitilafu wala rodi, na kwa Tanga pengo hilo ni kubwa. Zile zisizo na jina wala namba ya toleo, waja leo waondoka leo, ziache ziondoke.

Hatua ya 5: Soma kilichoandikwa kwenye bodi lake

Tafuta CAT. Ukipima kwenye maingilio, karibu na mita, unataka CAT IV 300 V au zaidi. Kwenye DB na soketi CAT III inatosha. Maandishi hayo yanasema mashine na waya zake zitastahimili mshindo wa umeme wa ghafla bila kukulipukia mkononi. Angalia na waya za kupimia, kwani waya za CAT II zilizochomekwa kwenye mashine ya CAT IV zimeishusha mashine yote kuwa CAT II.

Tafuta IEC 61557. Ni kiwango cha kimataifa cha vipimo vya aina hii, na sehemu zake zinataja kazi moja moja: ya 2 insulesheni, ya 3 njia ya hitilafu, ya 4 mwendelezo, ya 5 ethi, ya 6 RCD, ya 10 mashine za pamoja. Mashine inayotaja sehemu ya 2 na ya 4 peke yake haijaahidi kupima RCD, hata muuzaji aseme nini.

Kisha plagi. Hili limewatesa wengi walioagiza nje: mashine hiyo hiyo huuzwa Ulaya ikiwa na plagi ya pini mbili za duara, na soketi zetu ni za pini tatu bapa. Uliza toleo la Uingereza. Adapta ya dukani si dawa, kwa kuwa inaongeza viungo vyake kwenye namba zako, na baadhi yake ethi haifiki.

Kiwango cha volti ambacho mashine inakubali kufanyia kazi nacho kina maana kwetu. Soma kwenye maelezo: kipimo cha RCD na cha njia ya hitilafu hukataa kuanza volti zikishuka chini ya mpaka wake, na mtaa ulio mwisho wa laini saa moja jioni, kila mtu anapika na kupiga pasi, unaweza kufika hapo. Mashine yenye mpaka mpana haitakurudisha nyumbani.

Angalia pia kama ina kikomo cha volti ya mguso, cha 50 au 25. Ukipima RCD kwenye nyumba yenye rodi mbovu, mkondo wa mashine yenyewe unapandisha volti kwenye kila chuma kilichoungwa na ethi kwa kitambo kidogo. Mashine yenye kikomo hicho hugundua na kusimamisha kipimo. Kwa nyumba zetu za rodi hili nalihesabu kuwa la lazima.

Betri ziwe za AA, unazipata duka lolote mpaka Mkinga. Mwili wake uwe umezibwa dhidi ya vumbi na matone, IP54 au zaidi ukiweza, kwa sababu ya chumvi.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kutoa hela

Uwe na rezista mbili mfukoni, moja ya omu 1 na moja ya megaomu 1 inayohimili volti 500. Gusanisha ncha, futa sifuri, pima ya omu 1. Pima ya megaomu 1 kwa volti 500. Namba zikiwa mbali, usisikilize hadithi ya betri. Tikisa waya pale zinapoingia kwenye mashine huku ukipima omu 1. Namba ikirukaruka, tundu limechoka. Kwa mashine iliyotumika, omba kufungua mlango wa betri: kijani cha kutu kwenye chuma ni habari tosha. Uliza kama waya za ziada za toleo hilo zinapatikana, kwa maana kampuni nyingi zina vichwa vyao na huwezi kuchomeka za mwingine.

Cheti cha ugezi kionyeshe namba ya mashine hiyo hiyo uliyoshika, tarehe, na namba zilizosomwa kwa kila kazi. Karatasi yenye muhuri na neno "imepita" peke yake haina thamani.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza kazini, fuata mpangilio

Kabla ya kupima insulesheni hakikisha nyumba haina umeme. LUKU kuisha uniti hakukutoshi. Waya unaoingia kwenye mita bado una umeme, na mwenye nyumba anaweza kununua tokeni akiwa sokoni, mtoto akaingiza namba kwenye kile kibodi cha sebuleni wewe ukiwa umeshika nyaya. Zima meni swichi, ifunge au kaa na ufunguo wa DB, kisha jaribu kipimo chako cha ncha mbili mahali unapojua pana umeme, pima unapotaka kufanyia kazi, rudi ukijaribu tena pale pale pa kwanza.

Chomoa kila kitu: televisheni, friji, vilinda friji, taa za LED, chaja. Volti 500 zinaviua, na vile visivyokufa vinaharibu namba yako. Unganisha laivu na nyutro pamoja, pima dhidi ya ethi. Ikiwa nyumba ni tupu kabisa, pima na laivu dhidi ya nyutro.

Mwendelezo wa ethi uje kwanza, insulesheni baadaye, kisha rodi. Umeme ukishawashwa, njia ya hitilafu halafu RCD. Mpangilio huu una sababu: huipimi RCD kwa mkondo unaokwenda ardhini kabla hujajua kwamba ethi ipo.

Hatua ya 8: Itunze namba yake

Mashine iende kwenye ugezi mara moja kwa mwaka. TBS wana maabara ya ugezi Dar es Salaam, na wauzaji wakubwa wa vipimo hupokea mashine na kuzipeleka. Katikati ya mwaka jifanyie mwenyewe. Zile rezista mbili zifunge kwenye kiboksi cha plastiki chenye vituo, na uchague soketi moja nyumbani kwako ambayo hutaibadilisha. Kila mwanzo wa mwezi pima vyote vitatu na uandike kwenye daftari. Rezista hazina msimu, zikibadilika mashine ndiyo imebadilika. Soketi ya nyumbani itapanda na kushuka na mvua, usishtuke. Baada ya mwaka utakuwa na picha ya rodi yako tangu kiangazi hadi masika, na utajua rodi za mtaa huo uziongezee akiba kiasi gani ukizipima wakati wa mvua.

Ukimaliza kazi ufukweni ifute kwa kitambaa kikavu, na ikilala zaidi ya wiki mbili itoe betri.